Bomba Limelala

Shangazi yangu hajui kunong'ona. Akituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, unaiweka simu mezani, unarudi hatua tatu nyuma, ndipo unabonyeza. Wala hatumi mfupi. Mfupi wake ni dakika saba. Upo mmoja wa dakika kumi na nne ambao ndani yake anafunga bomba la watu, anamgombeza mwenye bomba, anasalimiana na mtu wa tatu aliyekuwa anajipitia zake, anatafuna kitu, halafu mwishoni kabisa anasema, "Haya, nilichotaka kuwaambia ni hiki..." na simu inazima.

Sauti hiyo imekaa miaka ishirini na minane kwenye korido za hospitali kongwe ya mji wetu. Shangazi ni fundi bomba wa pale. Tena fundi bomba pekee. Wauguzi walimbatiza Mama Koki, kwa sababu maji yakimwagika popote, swali lake la kwanza ni "Koki yake iko wapi?", na hakuna anayemjibu kwa kuwa anayejua koki za jengo lile ziko wapi ni yeye mwenyewe.

Hakuingilia mlango wa ufundi. Aliajiriwa kufagia. Siku moja bomba likapasuka wodi ya wanaume, na mzee fundi wa wakati huo hakuwa na msaidizi, maana wasaidizi walikuwa wanakimbia wakishaona chini ya vyoo kukoje. Mzee akamwona binti mwenye ufagio, akamwambia, "Njoo, shika hapa." Akaenda kutafuta kifaa, huko akakutana na mtu wakapiga stori, akasahau. Aliporudi, saa nzima imepita, binti bado ameshika, amelowa mpaka kope.

"Mbona hujaachia?"

"Hukusema niachie."

Mzee akamnyang'anya ufagio, na haujarudishwa mpaka leo.

Alimfundisha kila kitu kwa mdomo. Hakuna daftari, hakuna mchoro. Alimfundisha kugonga ukuta kwa spana na kutega sikio. Alimfundisha koki zinazofungwa kinyume kwa sababu aliyezifunga zamani alizigeuza. Na alimfundisha maneno yake. Bomba likipita ukutani kwa ubavu, kutoka huku kwenda kule, hilo limelala. Likiwa wima, kutoka chini kwenda juu, hilo limesimama. Likiacha kupitisha maji, limekufa. Basi. Lugha ya watu wawili, na mzee alipofariki ikabaki lugha ya mtu mmoja. Yashikeni hayo maneno matatu, maana ndiyo yaliyotaka kumtoa kazini.

Jengo lenyewe, tuwe wakweli, lilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa zamani. Mgonjwa wa zamani alikuwa mtu wa adabu: analala, anameza, anatulia. Hakuja na mashine. Wodi moja ya vitanda ishirini na vinne ina soketi mbili, moja mlangoni na nyingine juu ya meza ya sista, kwa hiyo nyaya za kuongezea umeme zimetambaa sakafuni na kila mgeni lazima aruke ruke kama anacheza rede. Sinki ni moja, mwisho wa wodi. Muuguzi akimhudumia mgonjwa wa kitanda cha kwanza akataka kunawa mikono, anatembea hatua arobaini na moja. Matroni alizihesabu, akaziandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya sinki: "Hongera, umefika."

Vitanda vipya vyenye magurudumu vilipoletwa, cha kwanza kilikwama mlangoni nusu saa, mgonjwa akiwa juu yake anatoa ushauri. Mitungi ya oksijeni inasukumwa na kigari chenye gurudumu moja linalolia, kiasi kwamba wodi nzima inajua kuna mtu kabanwa kifua hata kabla ya daktari kujua.

Kwa hiyo iliposemwa kwamba jengo litafanywa la kisasa bila kubomolewa, watu walifurahi kweli. Kuta zake ni nene, msingi haujateteleka, kinachotakiwa kubadilishwa ni matumbo. Milango ipanuliwe. Kila vitanda viwili vipate sinki lao. Oksijeni ipite kwa bomba ukutani, mgonjwa aipate pale pale kichwani. Lifti iwekwe penye chumba cha chini ya ngazi. Na wagonjwa wasihamishwe mji: nusu ya jengo itafungwa ifanyiwe kazi, nusu iendelee kutibu, halafu wabadilishane.

Shangazi alifurahi kuliko wote, ingawa kile chumba cha chini ya ngazi kilikuwa ndiyo ofisi yake. Alitutumia dakika tisa. "Masinki kumi na mawili kwa wodi moja! Kumi na mawili! Mnajua ni koki ngapi hizo?" Kaka yangu akamjibu kwa maandishi, "Shangazi, punguza, umemwamsha jirani." Akamrudishia dakika nne nyingine kuhusu heshima.

Wiki mbili baadaye karatasi ikabandikwa ubaoni. Ilisainiwa na katibu wa hospitali, yule anayeshughulika na watumishi. Ilisema jengo likishakamilika litahudumiwa na mafundi wenye vyeti, na watumishi wasio na vyeti "wataangaliwa upya."

"Waniangalie upya?" Shangazi akatuuliza. "Miaka ishirini na minane navaa buti za njano, kuna ambaye hajaniona?"

Tulicheka, tukatuma vikatuni. Kisha baba akatunyamazisha. Alituambia kwamba dada yake alikuja kwake jioni hiyo, akakaa, akanywa maji, na hakusema kitu. Nusu saa. Shangazi yule yule. Baba akadhani ni presha, akataka kumpeleka hospitali, akakumbuka ndiko alikotoka. Mwishowe Shangazi akamwambia, "Kaka, nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikitolewa pale sasa hivi, mimi ni Mama Koki wa wapi?"

Baba akamwongezea maji.

Shangazi akamfuata katibu ofisini. Katibu si mtu mbaya, tuelewane. Ni mtu wa karatasi tu. Ukimwambia mvua inanyesha atauliza kama imeandikwa. Akamwambia, "Mama Koki, mimi sichagui. Mhandisi wa mradi ndiye atakayeandika kwenye ripoti yake nani anahitajika na nani hahitajiki. Mimi nafuata karatasi."

Kwa hiyo kila kitu kikawa mikononi mwa mhandisi.

Mhandisi alikuwa kijana mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia keki, kofia ngumu nyeupe, na kishikwambi alichokibeba kwenye mfuko wenye zipu kama mtoto mchanga. Ulikuwa mradi wake wa kwanza kuachiwa peke yake, na ilionekana: alikuwa anasema "sawa sawa" hata pale alipokuwa hajaulizwa. Alikuja na ramani ya zamani ya jengo, imechanika kwenye mikunjo. Akaishika, akaenda kwenye ukuta, bomba halipo. Ukuta wa pili, halipo. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamehamisha, wameziba, wameunganisha, na hakuna aliyemwambia karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sawa sawa."

"Nimekuuliza umekula, hujala wewe. Haya twende, nitakuonyesha nyumba yangu."

Wakazunguka siku mbili. Shangazi mbele na spana, anagonga, anatega sikio. Kijana nyuma na kishikwambi, anauliza, anaandika. Matroni aliyekuwa anapita pita alisikia vipande vya mazungumzo, na ndiye aliyekuja kutusimulia baadaye huku anajifuta machozi.

"Hapa nyuma ya plasta kuna bomba?"

"Lipo."

"Hali yake?"

"Limelala."

Akaandika.

"Na hili la kona?"

"Hilo limesimama. Nililisimamisha mimi mwenyewe."

Mhandisi akainua macho. "Kwa nini ulilisimamisha?"

"Lilikuwa limelala, likawa linasumbua kabati."

Akafikiri kidogo, akaandika na hilo.

"Na hili hapa chini?"

"Hilo limekufa, mwanangu. Siku nyingi."

"Pole, mama."

"Ahsante."

Jamani, kila mmoja alikuwa anasema Kiswahili safi! Kijana kichwani mwake akajua anazungumza na mtaalamu mwenye madaraja matatu ya ubovu: kuna bomba lililolala, yaani limezimwa tu kwa muda, kuna lililosimama, yaani limeacha kabisa kufanya kazi, na kuna lililokufa, Mungu alipumzishe. Akayapa rangi. Yaliyolala njano, yaliyosimama rangi ya chungwa, yaliyokufa nyekundu. Yote yakatwe, njia ipatikane kwa ajili ya mabomba mapya. Siku ya pili akawaandikia mabosi wake kwamba hali ya maji katika jengo ni mbaya mno, katika mabomba sitini hajaona hata moja linalofanya kazi.

Hakujiuliza mchana ule yeye mwenyewe alinawa wapi.

Shangazi naye akarudi nyumbani na moyo mweupe. Alimwambia baba, "Kijana ananisikiliza. Kila ninachosema anaandika. Huyu ataniandika vizuri."

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kufunga nusu ya jengo, mafundi wa mkandarasi wakaanza kukata: bomba lisilofanya kazi litamsumbua nani? Walianza na korido inayotenganisha wodi ya wazazi na chumba cha watoto wachanga, na orodha mkononi. La kwanza lilikuwa la njano. Fundi mwenye grinda akachimbua plasta, bomba likaonekana, akaliwekea kisahani cha kukatia chuma. Cheche kidogo. Halafu maji.

Yalitoka kwa nguvu zote, yakampiga fundi kifuani, yakavuka korido, yakazipiga mbao za dari za jipsamu zilizoegemezwa ukutani. Zikalegea zikaanza kujikunja zenyewe kama watu waliosikia habari mbaya. Wakunga wakakunja mashuka wakaziba chini ya mlango wa watoto. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu akiwa anatembezwa pale alisimama, akainua kidole, akasema, "Mimi bado. Hayo si yangu."

Fundi aliyelowa alikuwa bado ameshika grinda, analalamika kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa: "Mbona nimeambiwa limelala?"

Shangazi alikuwa chumba cha kufulia. Alisikia mtetemo kwenye ukuta kabla hajaitwa, akakimbia. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na wengine walisogea kwa mshangao tu. Akaingia stoo ya mashuka, akavuta rafu ya pili, akaingiza mkono mpaka begani nyuma ya ubao, akaipata koki, akazungusha kinyume. Mizunguko kumi na moja. Maji yakapungua, yakadondoka, yakaacha.

Watoto wachanga wote tisa walikuwa wamelala muda wote huo. Kwa maana ile ya kawaida.

Saa nne na nusu wakaitwa ofisini kwa daktari mkuu. Shangazi akaingia na buti zake, kila hatua zinatema maji kwenye zulia. Katibu alikuwepo na faili. Matroni alikuwepo kwa sababu korido ni yake. Mhandisi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, ameshika kishikwambi kwa mikono miwili.

"Niambieni," daktari mkuu akasema.

"Daktari, mimi nilifuata maelezo," mhandisi akasema. "Nimeandika hapa, tarehe na saa. Bomba namba moja. Mama aliniambia limelala."

"Ndiyo, limelala!" Shangazi akasema, na karatasi za mezani zikapepea. "Ulitaka nikwambieje?"

"Sasa kama limelala, maji yametoka wapi?"

"Yametoka kwenye bomba! Bomba lina maji, mwanangu, ulitegemea juisi?"

"Mama, umesema limelala."

"Na limelala mpaka sasa! Nenda kaliangalie, lilivyolala!"

"Mnaona?" Katibu akasema taratibu, bila ubaya, akifungua faili. "Daktari, hii ndiyo sababu tuliandika habari ya vyeti. Mtu wa kusoma angetoa taarifa inayoeleweka. Watoto wachanga walikuwa mlango wa pili."

Hapo Shangazi akanyamaza. Matroni anasema hapo ndipo yeye alipoogopa. Shangazi aliitazama spana aliyokuwa ameshika, ile ya yule mzee, mpini wake umezungushiwa utepe mweusi, akaiweka juu ya meza ya daktari mkuu polepole. Kama mtu anayerudisha funguo. Mhandisi akaangalia chini. Hakufurahi kabisa, na hilo lazima tumpe. Anasema mpaka leo anausikia mlio wa ile spana kwenye kioo cha meza.

Ndipo Matroni akauliza, "Mhandisi, hebu. Ukisema limelala, una maana gani?"

"Kwamba halifanyi kazi kwa sasa."

"Na wewe, Mama Koki?"

Shangazi akanyoosha mkono hewani, kutoka kushoto kwenda kulia.

Matroni akaanza kucheka. Kwanza puani, halafu mabegani, halafu ikabidi ashike meza. Daktari mkuu akamuuliza kuna nini cha kuchekesha.

"Daktari, mimi ni mkunga wa miaka mingapi? Mama akija na mtoto amekaa vibaya tumboni, nakwambiaje? Nakwambia mtoto amelala kwa ubavu. Unakuja mbio, tunampeleka chumba cha upasuaji. Huyu mhandisi angekuwa daktari wetu, angeandika, 'Mtoto kasinzia, tusimsumbue.'"

Mhandisi akauliza kwa sauti ndogo, "Na... limesimama?"

Shangazi akanyoosha mkono juu chini.

"Kumbe halijaacha kufanya kazi?"

"Liache vipi? Ndilo linalopandisha maji juu!"

Kijana akafungua kishikwambi. Njano, chungwa, njano, njano, chungwa. Matroni aliona rangi zikimtoka usoni moja moja. "Sikuwasimamisha, nilidhani ni hilo moja tu. Wanakata la pili saa tano," akasema. "Rangi ya chungwa. Ghorofa ya kwanza, mwisho wa korido, kona ya kushoto."

"Hilo ni la chumba cha upasuaji," Shangazi akasema.

Daktari mkuu alikuwa tayari amesimama. "Kuna mama mezani sasa hivi. Wanamzalisha."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika sita. Mhandisi akapiga simu ya fundi. Ikaita, ikaita. Akapiga tena huku anakimbia. Nani atasikia simu akiwa na grinda mkononi na vizibo masikioni? Walikuwa bado kwenye ngazi, chini kabisa, walipousikia ule mlio wa chuma ukianza, ziiii, juu. Kijana akapanda ngazi tatu tatu. Shangazi na buti zake zilizojaa maji alijua hafiki. Akasimama kwenye ngazi ya nne, akajaza kifua.

"ACHA HILO BOMBAAA!"

Naomba nirudie kwamba shangazi yangu hajui kunong'ona. Wodi ya wanaume mgonjwa mmoja aliacha uji. Mpishi alizima jiko, kwa tahadhari tu. Watoto tisa wakaamka, wote, kwa mpigo. Na kule juu fundi, vizibo masikioni na mashine inaunguruma, akahisi kwamba mtu anamwita kutoka mbinguni, akaachia kitufe. Kisahani kilikuwa kimeshachora mstari kwenye chuma. Mstari tu, wa kina cha ukucha. Bado upo, ukienda watakuonyesha.

Mlango wa pili yule mama alijifungua mtoto wa kike, na daktari alinawa mikono kwa maji ya bomba lililosimama.

Mhandisi aliporudi chini alimkuta Shangazi amekaa kwenye ngazi anamwaga maji kutoka kwenye buti. Akakaa ngazi ya chini yake, kwenye vumbi, na ile suruali.

"Kosa ni langu, mama. Sikuuliza."

"Na mimi sikueleza. Nilidhani kila mtu anajua bomba linavyolala."

"Nilidhani hospitali nzima haina bomba linalofanya kazi."

Shangazi akageuza buti la pili. "Sasa wewe siku zote mbili ulikuwa unanawa wapi?"

Matroni anasema hapo ndipo alipomsikia kijana akicheka kwa mara ya kwanza, na kicheko chenyewe kilikuwa na kilio ndani.

Wakaanza upya. Siku nne, ukuta kwa ukuta. Kijana akafuta rangi zote, akachora ramani mpya kutoka mdomoni mwa Shangazi. "Limelala," anasema huyu. "Kwa ubavu?" anauliza yule. "Kwa ubavu." "Maji yanapita?" "Yanapita." Walipofika kwenye koki zinazofungwa kinyume aliweka alama ya mkono wa kushoto. Katika yale sitini, yaliyokufa kweli yalikuwa saba. Pembeni mwa ramani, pale wanapoandikaga maana ya alama, aliandika yale maneno matatu na maana zake, kama yalivyo. Ramani hiyo ina muhuri rasmi.

Halafu akaandika ripoti. Katibu aliisoma mara mbili, akaiweka, akaichukua tena. Ilisema kwamba mtu mmoja tu anayajua maji ya jengo lile, kwamba mtu huyo hana cheti, na kwamba yeye mhandisi hatasaini makabidhiano ya jengo bila sahihi ya mtu huyo kando ya yake.

Nilisema katibu anafuata karatasi. Sasa karatasi ndiyo hiyo imesema. Akashuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, mahali ambapo hakuwahi kufika, akamkuta Shangazi amelala. Chini ya mashine. Kwa ubavu. Akampa barua na fomu. Barua ilisema anabaki mpaka atakapostaafu, na atawafundisha mafundi wawili watakaoletwa. Fomu ilikuwa ya jaribio la ufundi kwa wazoefu wasiosomea.

"Kwa hiyo bado mnataka cheti?" Shangazi akamuuliza.

"Mama Koki, nisaidie na mimi," katibu akasema. "Nikiulizwa juu, nionyeshe nini, buti?"

Shangazi akaenda kwenye jaribio. Vitendo alimaliza kwa robo saa, akatumia muda uliobaki kumkosoa msimamizi. Maandishi ndiyo yalimtoa jasho. Swali la nne lilisema: chora bomba lililo wima. Akalichora, chini yake akaandika, "Limesimama." Akaendelea na swali la tano. Kisha akakumbuka yaliyompata, akarudi, akaongeza: "Na maji yanapita." Alifaulu. Si kwa alama za kutangaza, na kwa kuwa anasoma ninachoandika, sizitaji.

Chumba cha chini ya ngazi kilibomolewa. Lifti iko pale sasa, na ule ukuta ambao yule mzee alikuwa anaandikia tarehe za kubadilisha vali kwa penseli ulikwenda na kifusi. Shangazi hakutaka kuwepo siku hiyo. Aliomba ruhusa, akaja kwa baba, akanywa maji. Safari hii alizungumza, kidogo.

Wodi ya kwanza ilipofunguliwa, Matroni alimgusa mgonjwa wa kitanda cha kwanza, akageuka, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, sinki. Akainua mikono, maji yakatoka yenyewe, maana haya mapya hayashikwi, yanaona mkono yanafunguka. Wote wakapiga makofi isipokuwa Shangazi, aliyekuwa amepiga magoti anachungulia chini.

"Koki yake iko wapi?"

"Haina, mama," mhandisi akasema. "Ni ya kisasa."

"Haina koki? Ikigoma kufunga, nishike wapi?"

Kijana akainama, akamwonyesha ile ndogo iliyojificha nyuma ya kifuniko. Shangazi akaizungusha, akairudisha, akatikisa kichwa kwa ile tabia ya kuridhika asiyotaka ionekane. Kisha akagonga ukuta mpya kwa ile spana, akatega sikio.

Jioni hiyo tukamsubiri kwenye kundi atusimulie. Kimya. Saa moja ikapita. Binamu akauliza, "Shangazi vipi, mbona hatumi kitu?" Baba akajibu, "Amelala."

Unajua kilichofuata. Ujumbe kumi na sita ndani ya dakika moja. Kwa ubavu? Maji yanapita? Asikatwe jamani! Mtu akaweka picha ya grinda.

Ndipo ikaja sauti ya Shangazi. Tukaziweka simu mezani, tukarudi hatua tatu. Ilikuwa ya sekunde nne, fupi kuliko zote alizowahi kutuma.

"Sijalala. Nimesimama. Na maji yanapita."